Tuna karibu nusu ya fedha za jengo la sayansi. Tuanze kujenga?

*Swali: Mimi ni mhadhiri wa kemia katika chuo kikuu binafsi hapa Nairobi. Baraza la chuo limeniteua kuongoza kamati ya jengo jipya la sayansi: ghorofa sita, mita za mraba 9,000. Makadirio ni shilingi milioni 900, yaliyopatikana kwa kutumia bei ya jengo letu la madarasa. Mfadhili mmoja ameahidi milioni 400 na anataka jiwe la msingi liwekwe kabla ya mahafali ya Desemba. Zilizobaki tunaambiwa zitatoka kwenye karo, mkopo wa benki na harambee ya wahitimu. Tuanze, au tungoje fedha zote zipatikane?*

Daktari, jiwe la msingi wekeni Desemba kama mfadhili analitaka. Mkataba wa ujenzi msiutie sahihi. Nimeona vyuo vikiumia kwa kuchanganya mambo haya mawili: sherehe ikishapita na picha zikishapigwa, kila mtu anaona aibu uwanja kukaa miezi minane bila tingatinga, basi mkandarasi anaitwa kabla hesabu haijaiva.

Wala sikushauri mngoje mpaka milioni 900 zote ziwe benki. Mkingoja hivyo, bei zitapanda, mfadhili atapoa, na wanafunzi wako wataendelea kupokezana zamu kwenye maabara ileile. Ninalokuomba ulipeleke kwa baraza ni hili: jengeni kipande cha jengo hilo ambacho fedha mlizo nazo zinatosha kukimaliza kabisa, hadi gesi iwake na maji yatiririke, na kiwe kimepangwa tangu mwanzo kupokea vipande vingine. Nitaeleza sababu zangu. Naanza na hiyo namba ya milioni 900, kwa sababu katika yote uliyoandika ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi.

Milioni 900 kwa mita 9,000 ni shilingi 100,000 kwa kila mita ya mraba, na umesema wazi kwamba ni bei ya madarasa. Darasa ni chumba chenye taa, soketi chache, ubao na viti. Fedha zake nyingi huishia kwenye zege, kuta na madirisha. Katika jengo la maabara, umeme, mabomba na mitambo ya hewa peke yake huweza kula theluthi moja hadi nusu ya gharama yote. Urefu nao hubadilika. Madarasa hutosheka na mita 3.3 hivi kutoka sakafu moja hadi nyingine, lakini maabara huhitaji mita 4 hadi 4.5 ili mabomba ya hewa yapite juu ya dari. Kwa ghorofa sita, hiyo ni kama mita sita zaidi za nguzo, kuta na ngazi ambazo hakuna mwanafunzi atakayeketi ndani yake.

Tena, mita 9,000 za jengo si mita 9,000 za maabara. Ukiondoa korido, ngazi, vyoo, vyumba vya mitambo, stoo za kemikali na mashimo ya wima ya kupitishia mabomba, jengo la sayansi hubaki na asilimia 55 hadi 60 ya eneo lake kwa kazi halisi. Kwenu hiyo ni mita 5,000 na ushei. Kama wakuu wa idara wameshaanza kugawana vyumba kwa kuhesabu 9,000, waambie leo kabla hawajazoea. Na muulize aliyewapa makadirio: meza za maabara zimo? Makabati ya kuvuta mvuke yamo? Ada za msanifu na wahandisi? VAT ya asilimia 16? Akiba ya dharura? Mara nyingi jibu ni kwamba hivyo "vitatafutiwa baadaye", na hiyo baadaye ndiyo huacha jengo limesimama bila kutumika.

Niruhusu nikae kwenye hewa kidogo, maana wewe ni mtu wa kemia na hili litakuhusu kila siku utakayoingia humo ndani. Chukua kabati moja la kuvuta mvuke lenye upana wa mita 1.5, kioo chake kikiwa kimefunguliwa nusu mita. Hewa inapaswa kuingia kwa kasi ya karibu nusu mita kwa sekunde ili mvuke usirudi usoni pa anayefanya kazi. Piga hesabu: kabati hilo linatoa nje kama mita za ujazo 1,350 kwa saa. Ukiwa na makabati 30 yanayofanya kazi pamoja, ni zaidi ya mita za ujazo 40,000 kwa saa, na hewa yote hiyo lazima irudishwe ndani kutoka mahali fulani. Isiporudishwa kwa mpango, milango itakuwa migumu kufunguka, feni zitanguruma bure, na makabati yatavuta kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye cheti chake. Nimeingia kwenye maabara za jiji hili ambako kabati la mvuke limegeuzwa kabati la kuhifadhia chupa kwa sababu halikuvuta hata siku moja. Mtu aliyelipa karo anajifunza kemia ya ogania huku akivuta kloroform. Hilo huniudhi sana, kwa sababu lingezuiwa kwenye meza ya ramani.

Kuna jambo la Nairobi hapa ambalo wauzaji wa mitambo hulisahau. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi: uzito wake ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Feni iliyochaguliwa kwenye katalogi ya kiwanda kilichoko pwani ya bahari haitatoa msukumo uleule hapa. Jenereta ya dizeli nayo hupoteza sehemu ya nguvu zake, hasa ile isiyo na turbo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini. Katika hati za zabuni andikeni wazi kimo cha uwanja wenu, na mtake kila mashine ikaguliwe kwa kimo hicho. Ni sentensi moja tu, haigharimu kitu.

Upande wa pili, jiji hili limetupa zawadi. Katika nchi za baridi au za joto kali, gharama kubwa ya kuendesha maabara ni kupasha au kupoza hewa yote ile kabla ya kuitupa nje. Hapa, kwa sehemu kubwa ya mwaka, hewa ya nje inafaa kuingia ikiwa imechujwa vumbi tu. Kwa hiyo mtaalamu akikuletea mchoro wenye mitambo ya kupoza hewa kwa jengo zima, mwambie abaki na vyumba vinavyohitaji kweli: chumba cha mashine nyeti, cha seva, cha kukuzia vijidudu. Jengo lilazwe urefu wake kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha yaangalie kaskazini na kusini. Tuko digrii moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, na jua linaloumiza ni la asubuhi na la alasiri linalopiga pembeni. Hiyo peke yake huokoa fedha ambazo hakuna mfadhili atakayewahi kuombwa.

Udongo nautaja kwa haraka kwa sababu mhandisi wenu ataupima: mkiwa upande wa Westlands mtakuta udongo mwekundu mzuri juu ya mwamba wa volkano, mkiwa upande wa Embakasi au Athi River mtakuta ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na msingi utagharimu zaidi. Uchunguzi huo ufanyike kabla ya makadirio ya pili, usingoje mkandarasi aje aligundue.

Maji yana maneno zaidi. Mgao wa maji tunaujua, kwa hiyo mtataka kisima. Visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, na mhadhiri wa kemia sihitaji kumweleza itakachofanya kwenye majaribio na kwenye mashine za kutakasa maji. Panga matangi mawili tofauti tangu mwanzo. Maji machafu ya maabara nayo yawe na mfereji wake na tangi la kusawazisha asidi kabla ya kuunganishwa na mabomba ya kaunti. NEMA, mamlaka ya mazingira, watauliza, na hata wasingeuliza, kuna mto chini ya kila kilima katika jiji hili.

Sasa stima. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi kwenye jengo la utafiti ambalo silitaji. Tulipunguza bajeti ya umeme mwishoni, jenereta ikafungwa kwenye lifti, taa za korido na ofisi za wakuu. Friza za digrii 80 chini ya sifuri zikaachwa kwenye laini ya kawaida. Ijumaa moja usiku stima ikapotea na haikurudi hadi Jumapili. Mwanafunzi wa uzamifu alipoteza sampuli alizokusanya kwa miaka mitatu kutoka vijijini, kwa watu ambao wengine walikuwa wameshafariki. Nilikuwa kwenye kikao kilichopitisha ule upunguzaji na sikupinga. Tangu siku hiyo, kwenye kila hesabu ninayoandaa, friza na makabati ya mvuke huingia kwenye laini ya dharura kabla ya ofisi yoyote, na mstari huo sikubali ufutwe.

Nirudi kwenye fedha, nichukue vyanzo vyenu kimoja baada ya kingine.

Karo. Nakuomba uwe mkali hapa. Mipango mingi ya vyuo vyetu ilijengwa juu ya idadi ya wanafunzi iliyotegemea uamuzi wa mtu mwingine. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza masomo ya sambamba, ya wanafunzi wanaojilipia karo yote, mwaka 1998, vingine vikafuata, na majengo mengi yakasimama kwa fedha hizo. Mwaka 2016 udanganyifu kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ukabanwa: alama A zikashuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka uliotangulia hadi 141, na waliopata C+, alama ya kuingilia chuo kikuu, kwenda juu wakawa 88,929. Mto wa wanafunzi wa sambamba ukakauka. Vyuo binafsi navyo vilianza kupokea wanafunzi wa serikali mwaka huohuo wa 2016, kisha mfumo mpya wa ufadhili wa 2023 ukaufunga mlango huo. Kwa hiyo kwenye hesabu ya jengo ingizeni tu karo ya wanafunzi mlio nao leo, tena ile inayobaki baada ya mishahara. Kuna tumaini moja la haki: kundi la kwanza la mtaala mpya, lenye wanafunzi waliochagua mkondo wa sayansi kuanzia Gredi ya 10, litatarajiwa vyuoni mwaka 2029. Jengo likifunguliwa kabla ya hapo, litawakuta. Lakini hilo liwe sababu ya kuharakisha kipande cha kwanza, lisiwe dhamana ya mkopo.

Mkopo wa benki. Hosteli huingiza kodi ya vyumba kila muhula, maabara haiingizi. Inakula kemikali, gesi, waranti na mishahara ya mafundi wa maabara. Mkopo wa kujenga hosteli naweza kuutetea mbele ya baraza lolote. Mkopo wa kibiashara wa kujenga maabara, wenye riba inayopanda na kushuka, sijawahi kuuona ukilipwa bila idara nyingine kukamuliwa. Kama ni lazima mkope, kopeni kwa kitu kinachopunguza bili yenyewe, kwa mfano paneli za jua. Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka mitambo ya jua ya kilowati 600 juu ya mapaa yake, na kina faida ya kuwa mwanga ni mwingi mchana, saa zilezile maabara zinapotumia umeme. Mikopo nafuu ya nchi kwa nchi, kama ule wa Korea uliogharamia taasisi ya sayansi na teknolojia ya Kenya-KAIST kule Konza, hupitia Hazina na huenda kwa taasisi za umma. Usiiweke kwenye orodha yako.

Harambee ya wahitimu naiheshimu kuliko watu wengi wa kazi yangu. Elimu ya juu ya jiji hili ilisimama kwa michango: baada ya 1948 jamii ya Wahindi wa Afrika Mashariki ilichangisha fedha za chuo cha kumkumbuka Mahatma Gandhi, na badala ya kujenga chuo chao peke yao wakaungana na Royal Technical College, iliyopokea wanafunzi mwaka 1956 na ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Miaka ya 1970 mwanzoni wananchi walijenga vyuo vya ufundi vya harambee kwa mbuzi, kahawa na shilingi. Kwa hiyo inawezekana. Ila watu huchangia kitu wanachoweza kukiona akilini. Mwambie mhitimu wa kemia achangie "jengo", atatoa elfu tano. Mwambie darasa lake la mwaka fulani lilipie kabati moja la mvuke, lenye kibao cha jina la darasa hilo na bei yake kamili, halafu uone. Na msianze kuchangisha kabla mfadhili mkubwa hajalipa sehemu ya kwanza, maana wahitimu watauliza zile za kwanza zilienda wapi.

Kwa mfadhili mwenyewe, ahadi ya mdomo au ya barua haitoshi. Mnahitaji mkataba unaosema fedha zitaingia lini, zikichelewa itakuwaje, na jina litakaa jengoni kwa miaka mingapi. Mkandarasi huleta cheti cha malipo kila mwezi. Asipolipwa, mkataba humpa haki ya riba na hata ya kusimamisha kazi, na uwanja uliosimama hugharimu walinzi, kuchakaa kwa vyuma na bei mpya siku ya kurudi. Omba kwa adabu kwamba sehemu ya fedha zake iwe mfuko wa kuendesha jengo. Wafadhili wengi hawajawahi kuombwa hivyo, na wanaoelewa biashara hukubali haraka, kwa sababu hakuna anayependa jina lake kwenye mlango uliofungwa kwa kufuli.

Haya, kipande cha kwanza kiweje? Badilisheni ule mnara wa ghorofa sita uwe mabawa manne ya ghorofa nne, kila bawa mita za mraba 2,200 hivi, yaliyounganishwa na uti mmoja wa ngazi, lifti na mabomba. Jumla ni 8,800, karibu sawa na mlichotaka. Msipange kujenga ghorofa mbili sasa na kupandisha nne baadaye: mabomba yote ya mvuke hutokea juu ya paa, na huwezi kumwaga zege juu ya maabara inayofanya kazi bila kuifunga. Bawa huongezwa pembeni, kazi ikiendelea. Ndani ya bawa, kemia ikae juu ili njia za hewa ziwe fupi, na hadubini na mizani nyeti zikae ghorofa ya chini, mbali na barabara ya malori.

Hesabu ya mfano, ya kuonyesha njia tu: tuseme bei ya kweli ya maabara yenu itatokea kuwa 140,000 kwa mita. Jengo zima linakuwa bilioni 1.26, na milioni 400 haifiki hata theluthi yake. Mkianza hilo zima mtapata nguzo, slabu na paa, basi. Lakini bawa moja ni milioni 308. Zinabaki milioni 92: kama 40 za kuweka transfoma, matangi na mfereji wa maji machafu vyenye ukubwa wa kuhudumia mabawa yote, na 52 za vifaa, akiba na miaka ya kwanza ya uendeshaji. Ni hesabu inayobana, lakini inafika mwisho, na bawa lililojaa wanafunzi litawavutia wafadhili wa bawa la pili kuliko mchoro wowote wa rangi. Ramani pelekeni kaunti na NEMA kwa mpango mzima, zikieleza awamu, na mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Fizikia wakitaka chanzo chochote cha mionzi, ongeeni na mamlaka ya nyuklia mapema, maana unene wa kuta hubadilika.

Kabla ya hayo yote, fanya kazi moja isiyogharimu kitu. Chukua karatasi moja kwa kila chumba cha bawa la kwanza. Andika watu wangapi watakuwa humo kwa wakati mmoja, saa ngapi kwa wiki, kila mashine na umeme inaotumia, gesi zipi, kemikali zipi na kiasi gani, maji ya aina gani, kinachoingia mferejini, kisichoruhusiwa kuzimika stima ikipotea, na nani atakuwa na ufunguo. Wape mafundi wa maabara wajaze kwanza, halafu wahadhiri warekebishe; mafundi ndio wanaojua sinki ipi huziba. Karatasi hizo, hata zikiwa za mkono, zipeleke kwa msanifu na kwa mkadiriaji wa gharama siku moja, wakiwa wameketi meza moja, na umwombe mkadiriaji aitupilie mbali ile bei ya madarasa na aanze upya.